Mto Hauna Baba

Sokwe!

Niruze!

Asanteni kwa kuitikia wito wa kitendawili. Sogeeni ndani, mvua hii bado ipo sana. Wajukuu wangu wa Gitega, wapisheni kidogo wenzenu wa Muyinga. Wamesafiri tangu alfajiri na wao ndio wa kukaa karibu na moto leo. Haya, tegeni masikio. Nilipozaliwa nilipewa jina. Nikavuka mpaka, nikapewa jingine. Nikafika mbali zaidi, wakaniita vingine kabisa. Na mimi ni yule yule.

"Mkimbizi!"

Nani amejibu? Wewe? Nakukubalia, mwanangu. Silo jibu nililokuwa nalo moyoni, lakini ni la kweli, na tutalirudia kabla hamjalala. Jibu langu lilikuwa maji. Maji ya Ruvubu, haya haya mliyoyavuka leo darajani mkitoka Karuzi.

Kitendawili hiki nimekileta kwa sababu ya atlasi. Mchana, mmoja wenu, yule binti wa darasa la sita, aliifungua atlasi yangu ya siku za ualimu, akapeleka kidole juu kabisa ya ramani ya Amerika, kule karibu na barafu, akasoma kwa sauti: Mto Mackenzie. Kisha akaniuliza, "Bibi, hili si jina la mtu? Mto umelipata wapi jina la ukoo?"

Nilifundisha miaka mingi, na sikumbuki kama kuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza hivyo. Kwa hiyo sitalijibu swali lake kwa neno moja. Tutaanzia huko huko kwenye barafu, kisha tutarudi nyumbani taratibu, kama mtu anayetoka kisimani na mtungi umejaa.

Kaskazini mwa nchi ya Kanada kuna ziwa kubwa liitwalo Great Slave. Katika ziwa hilo unatoka mto unaokwenda kaskazini magharibi, kilomita 1,738, hadi unaingia katika Bahari ya Aktiki. Unaweza kusafiri kando yake siku nzima usione nyumba. Majira ya baridi maji yake huganda yakawa magumu kama mwamba, na malori hupita juu yake. Ndiyo, malori, na mizigo yake. Msinitazame hivyo.

Watu wa huko, Wadene, waliuita Deh Cho, na mpaka leo wanauita hivyo. Maana yake ni mto mkubwa. Jina halina mapambo: walitazama, wakaona mto, wakaona ni mkubwa, wakasema. Mwaka 1789 akaja mfanyabiashara wa ngozi za wanyama kutoka Uskoti, Alexander Mackenzie. Alikuwa akitafuta njia ya kufikia Bahari ya Pasifiki, akaufuata mto huo akiongozwa na wenyeji wanaoujua, na mwisho wake akajikuta kwenye bahari ya barafu, siyo aliyoitaka. Akarudi alikotoka. Yeye akarudi, jina lake likabaki kwenye ramani.

Sasa sikilizeni maana yake. Katika lugha ya zamani ya Waskoti, "Mac" ni mwana wa. Wale rafiki zenu Waislamu wa Muyinga mababu zao waliandikwa Juma bin Hamisi, sivyo? Basi Mac ni kama hiyo bin. Mackenzie ni mwana wa Kenneth. Kwa hiyo mto ule mrefu, uliokuwapo kabla ya Mskoti yeyote kujifunza kutengeneza mtumbwi, siku hizi kwenye ramani unaitwa Mwana wa Kenneth. Mto uliokuwa na mama wengi, maana kila chemchemi ni mama, umeandikiwa baba.

Na jina hilo si la mto peke yake. Wenye jina hilo wametawanyika dunia nzima, na wengi wao hawahusiani hata kidogo na yule wa ngozi. Kanada yenyewe ilipata waziri mkuu aliyeitwa William Lyon Mackenzie King, aliyeongoza kwa zaidi ya miaka 21. Hilo jina la Mackenzie alilipata kwa babu yake mzaa mama, aliyeongoza uasi mwaka 1837. Hata pwani yetu alikuwapo mmoja, George Mackenzie. Alifika Mombasa mwaka 1888 kusimamia kampuni ya Waingereza, na huyo ndiye aliyelipa fidia kwa mabwana ili watumwa zaidi ya elfu moja waliokimbilia misheni ya Rabai wapewe hati za uhuru. Mto, waziri, mtu wa kampuni: jina moja. Mtu akisema "Mackenzie" bila kuongeza neno, hujui kama anazungumzia maji au mtu.

Jina la ukoo ndivyo lilivyo. Ni kama koti. Baba akilivua, mtoto analivaa, na mjukuu analivaa likiwa limeshachakaa, na hakuna anayeuliza tena lilishonewa nani.

Sasa tazamaneni. Hebu tazamaneni kweli, mmoja baada ya mwingine. Humu ndani mpo ndugu wanne wa baba mmoja na mama mmoja. Kila mmoja na ataje jina lake la Kirundi. Mmesikia? Hakuna mawili yanayofanana, na hakuna hata mmoja wenu mwenye jina la baba yenu. Naye baba yenu, ambaye ni mwanangu niliyemzaa mimi, hana jina la mume wangu. Karani akisoma orodha ya darasa hatajua kwamba mlinyonya ziwa moja.

Hali hii haikuanzia kwetu, wala si ya watu wa vijijini tu. Hata ikulu ilikuwa hivyo. Mwana wa mfalme, Louis Rwagasore, yule mnayeimba habari zake kila Oktoba 13, alizaliwa hapa hapa Gitega mwaka 1932. Baba yake aliitwa Mwambutsa. Babu yake aliitwa Mutaga. Baba wa babu yake aliitwa Mwezi Gisabo. Vizazi vinne, damu moja, majina manne.

Wafalme walikuwa na jambo lao lakini, nalo ni zuri, nawaombeni mlikumbuke. Walipotawazwa walichukua jina kutoka katika mzunguko wa majina manne: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa. Likiisha la nne, unarudi mwanzo. Ntare ni simba. Mwezi ni mwezi, huyo huyo tunayemwona usiku. Mutaga ni mchana. Na Mwambutsa? Nyinyi mnaosema Kirundi nyumbani mnajua: kwambuka ni kuvuka, kwambutsa ni kuvusha. Mwambutsa ni mvushaji, yule anayewapeleka watu ng'ambo ya pili.

Mimi hupenda kufikiri juu ya jina hilo kila nipitapo daraja la Ruvubu. Watu wa nchi yenye mito mingi kama hii, yenye mabonde yanayojaa maji kila masika, walipotafuta sifa ya kumpa mfalme hawakuchukua simba tu. Walimchukua na mtu wa mtumbwi. Mwambutsa wa mwisho, wa nne, alikaa kwenye kiti tangu mwaka 1915 hadi 1966. Alipokea nchi ikiwa mikononi mwa Wajerumani, ikapita mikononi mwa Wabelgiji, na bado alikuwa mfalme ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Kama alivusha vizuri au vibaya, wakubwa wenu hawajamaliza kubishana. Nami sitawabebesha ubishi huo usiku huu.

Nyinyi sasa. Kwa nini jina lako si la baba yako?

Kwa sababu kwetu jina ni usemi. Siku chache baada ya mtoto kuzaliwa, wakubwa hukaa wakajiuliza: mtoto huyu amekuja katika hali gani, na tunataka kusema nini? Wakishasema, usemi huo ndio jina. Nkurunziza ni inkuru nziza, yaani habari njema. Hakizimana: anayeponya ni Mungu. Harerimana: anayelea ni Mungu. Rais wetu, mwenyeji wa Giheta hapa jirani, ni Ndayishimiye, namshukuru, na anayeshukuriwa ni Mungu. Mnaona kwamba ni sentensi nzima? Ina mtendaji, ina kitendo, ina yule anayetendewa. Mwalimu wa sarufi angeweza kufundisha mwezi mzima kwa kutumia daftari la mahudhurio peke yake.

Usemi uliosemwa kwa ajili yako hauwezi kumfaa ndugu yako, maana yeye alizaliwa siku nyingine, watu wakiwa na furaha nyingine au machozi mengine. Mnaweza kuazimana viatu, lakini si jina.

Mrundi mmoja msomi, Philippe Ntahombaye, aliandika kitabu kizima juu ya majina ya Burundi, kikatoka mwaka 1983. Kitabu kizima! Nami najaribu kulisema kwa jioni moja.

Kuna majina ya kusema na jirani. Mtu amegombana na wa ng'ambo ya mgomba, hataki kumtukana usoni, basi anamwita mtoto jina lenye maneno ambayo jirani ataelewa. Kila jioni mama akimwita mtoto arudi nyumbani, jirani anausikia ujumbe wake. Masikini mtoto, anakuwa barua yenye miguu.

Kuna majina ya hesabu. Hapa nitawaonyesha jinsi Kirundi na Kiswahili walivyo mtu na binamu yake. Nyandwi ni wa saba. Minani ni wa nane, sikilizeni nane imo ndani. Nyabenda ni wa tisa. Bucumi ni wa kumi, na kumi nayo imo. Pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi.

Ndiyo, nimekuona umenyoosha mkono. Wewe mwenye jina la nane. Unasema nyumbani kwenu Muyinga mko watano.

Weka mkono chini, mjukuu wangu. Sijakusahau. Nitakujibu mwisho.

Na kuna majina ambayo watu wa nje hushtuka wakielezwa. Rurihose maana yake kiko kila mahali. Nini hicho? Kifo. Katika Kirundi kifo ni urupfu, na urupfu ukiutaja kwa kifupi unasema "ru". Mzazi aliyezika watoto kadhaa, anapompata mwingine, haringi mbele ya kifo. Anasema wazi kwamba anakijua, na anampa mtoto jina linaloonyesha kwamba amekwisha kukiona. Mimi sioni kwamba ni laana. Naona ni mzazi anayesimama mlangoni na fimbo.

Shikeni hiyo "ru", tutaitumia. Maana mto nao ni wa "ru".

Kijito ni umugezi. Mto mkubwa ni uruzi. Urupfu, uruzi: vyote viwili vimo katika ngeli moja. Ngeli hiyo Waswahili wanayo pia, ila wameipunguza sauti. Wao wanasema ulimi, sisi tunasema ururimi. Sasa tajeni mito mnayoijua. Rusizi. Rumpungwe. Ruvyironza. Ruvubu. Mnasikia mlango ule ule mmoja unafunguka kila mara?

Tuingie basi. Ruvubu: toa "ru", kinabaki nini? Vubu. Na imvubu ni nani? Kiboko! Mto wa viboko. Neno hilo limetembea kuliko sisi sote: Waganda wanasema envubu, na chini kabisa Afrika Kusini Wazulu wanasema imvubu kama sisi, bila kupunguza hata herufi.

Waswahili wao walimpa mnyama huyo jina la kiboko, na kwa kuwa ngozi yake ilikatwa ikafanywa mijeledi, mjeledi nao ukaitwa kiboko. Sasa fikirini jambo hili. Sisi Warundi tulikuwa tayari na jina la mnyama, hatukuhitaji jingine. Lakini neno kiboko tulilichukua hata hivyo, tukaliita ikiboko, na kwetu lina maana moja tu: mjeledi. Mnyama alibaki na jina lake mtoni. Lile lililokuja na wakoloni lilikuja mgongoni mwa watu. Bibi yangu mimi alikuwa akilitamka kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu.

Viboko wenyewe bado wapo. Mwaka 1980 serikali ilitenga bonde la mto huo kuwa Mbuga ya Taifa ya Ruvubu, kilomita za mraba zaidi ya 500, kubwa kuliko mbuga zote za nchi yetu. Inapita Karuzi, Muyinga, Ruyigi hadi Cankuzo. Wako nyati, wako mamba, na jioni viboko hutoka majini kula majani. Maana yake ni kwamba jina la mto wetu bado ni kweli. Si kila jina kwenye ramani linaloweza kusema hivyo. Kenneth hayupo kule kwenye barafu, na hakuwahi kuwapo.

Niwasimulie safari ya maji, maana kitendawili changu kiko humo.

Kusini kwetu, Rutovu, kuna chemchemi ndogo chini ya kilima cha Kikizi. Inaitwa Kasumo. Mjerumani mmoja, Burkhart Waldecker, alifika hapo mwaka 1937 akasema: hii ndiyo chemchemi ya Nili iliyo kusini kuliko zote. Juu ya kilima wakajenga piramidi ndogo ya mawe, kuitikia zile kubwa zilizoko mwisho wa mto, Misri. Maji ya Kasumo ni membamba, mtoto anaweza kuyaruka. Yanaingia vijito, vijito vinaingia Ruvyironza, na Ruvyironza si mbali na hapa tulipo anakutana na Ruvubu aliyeshuka kutoka Kayanza. Hapo Ruvyironza anaacha jina lake. Ruvubu anaelekea kaskazini mashariki, anapita kwenu Muyinga, anaingia Tanzania katika wilaya ya Ngara. Huko watu huandika Ruvuvu. Kisha anakutana na maji yanayotoka Rwanda, na wote pamoja wanaporomoka kwenye maporomoko ya Rusumo.

Simameni hapo kidogo. Kasumo, Rusumo. Isumo ni maporomoko ya maji. Ukiweka "ka" unakifanya kitu kuwa kidogo, ukiweka "ru" unakifanya kikubwa. Maji yale yale yameanza safari yakiwa Kasumo, katoto, na yamepita Rusumo yakiwa jitu. Hakuna mtu mmoja aliyekaa akapanga hivyo. Watu wa Rutovu na watu wa Rusumo hawakufanya mkutano. Kila mmoja alitazama maji yake akasema alichokiona, na lugha ikawaunganisha. Nilipoligundua hili nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na nilimwamsha babu yenu usiku kumwambia.

Baada ya Rusumo mto ni Kagera. Na hapa, binti yangu wa atlasi, ndipo swali lako linapogusa maji yetu wenyewe.

Mwaka 1876 alifika kwenye mto Kagera mtu aliyeitwa Henry Morton Stanley. Aliuona una maji mengi, akaupa jina: Nili ya Alexandra. Alexandra alikuwa mke wa mrithi wa kiti cha Uingereza. Binti wa kifalme wa Denmark, aliyeolewa Uingereza. Na kwa miaka mingi ramani za Ulaya ziliandika hivyo. Ruvubu wetu, wa viboko, alikuwa anatiririka kumwendea Alexandra.

Huyo Stanley, miaka kadhaa baadaye, alifika kwenye ziwa lililo kati ya Uganda na Kongo, akalipa jina la mume wa Alexandra, Edward. Sasa fungueni atlasi yangu. Edward yupo, ziwani. Alexandra yuko wapi? Hayupo. Mto unaitwa Kagera, na mkoa wa Tanzania unaitwa Kagera. Mume alibaki, mke alianguka. Jina la mke halikukaa kwa sababu kando ya mto kulikuwa na watu wengi waliokuwa na jina lao na waliokuwa wakilitumia kila siku, kwa kuvuka, kwa kuvua, kwa kugombana mipaka. Ndivyo ninavyoamini mimi.

Ziwa Edward nalo halikukaa kimya. Mwaka 1973 liliitwa Ziwa Idi Amin Dada, kwa amri ya mwenyewe, na jirani yake, Ziwa Albert, likaitwa Mobutu Sese Seko. Watawala walipoondoka majina yakaondoka nao. Maji hayakujua lolote.

Na ziwa ambalo Kagera anamwaga maji yake? Victoria, malkia mama yake Edward. Mwingereza John Hanning Speke aliliona karibu na Mwanza Agosti 1858 na akaliita hivyo. Wasukuma walishalijua kuwa nyanza, Wajaluo wanaliita Nam Lolwe, Waganda Nalubaale. Majina hayo yote yapo mpaka leo. Yanaishi midomoni, ingawa ramani inaandika moja.

Na kule Kanada, binti yangu? Nako jina la kwanza halikufa. Mto ule wenye barafu ulikuwa unavukwa kwa pantoni wakati wa joto na kwa barabara ya barafu wakati wa baridi. Katikati ya misimu hiyo, barafu ikiwa laini, watu wa ng'ambo walikuwa wanakatika na dunia kwa wiki kadhaa. Mwaka 2012 likafunguliwa daraja la kwanza kubwa. Waliliita Daraja la Deh Cho. Mto kwenye ramani ni Mackenzie, lakini anayevuka anavuka kwa jina la Wadene. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka Mwambutsa.

Turudi kwa mkimbizi. Wewe uliyejibu mwanzo, najua kwa nini lilikujia haraka. Shangazi yako yuko huko huko Kanada. Watu wetu wengi walitoka mwaka 1972, na tena baada ya 1993, wakakaa kambini Tanzania, na baadhi yao wakapelekwa mbali zaidi, Amerika na Ulaya. Shangazi yako alipofika mbele ya meza moja ya ofisi, mwenye fomu akamwuliza: jina la ukoo? Akajibu jina lake. Na la mume wako? Akalitaja, jingine. Na la watoto? Matatu mengine. Yule mtu akaweka kalamu chini. Akataka uthibitisho kwamba hao ni familia moja. Shangazi yako aliniambia kwa simu, "Mama, watoto wangu wamelala mgongoni mwangu miaka yote, leo naambiwa nilete karatasi."

Mwishowe wakachagua. Jina la baba limekuwa la wote. Jina hilo lilikuwa usemi, babu yake aliusema siku moja, kwa mtoto mmoja aliyezaliwa akiugua akapona. Sasa linavaliwa na mtoto wa kike anayecheza kwenye theluji na ambaye hajaugua hata mafua makubwa. Hata hapa mjini wako wazazi wanaofanya hivyo siku hizi, ili wasafirio wasipate taabu. Siwalaumu. Mimi mwenyewe ningefanya hivyo kama ningekuwa mbele ya meza ile. Lakini nilimwomba shangazi yako jambo moja: kila mtoto, mbali na lile la karatasi, ampe la nyumbani, na amweleze maana. Amefanya. Yule mdogo analitamka kwa lafudhi ya huko, inanichekesha na kunifurahisha.

Vitu navyo tuliviita kama watu, mnajua. Mkienda Gishora kesho, kwenye ngoma, waulizeni wapigaji majina ya zile mbili takatifu. Watawaambia: Ruciteme na Murimirwa. Ile inayofyekewa pori, na ile inayolimiwa. Ngoma haikupewa jina la mfalme aliyeiweka hapo. Ilipewa jina la kazi ambayo watu waliifanya kwa ajili yake, na mwenye jembe akiisikia anajua kwamba jasho lake limo ndani ya jina.

Mvua imepungua. Nani anasinzia? Wabebeni wadogo.

Wewe bado. Mjukuu wangu wa Muyinga, mwenye jina la wa nane. Njoo hapa karibu, kaa.

Nyumbani mko watano, umehesabu vizuri. Mkubwa wenu, wale wasichana wawili, kaka yako, na wewe. Umeniuliza kwa nini basi wewe si wa tano. Kwa sababu baba yako na mama yako walipokaa kukuita, hawakuhesabu waliokuwa mezani. Walihesabu wote. Watatu walikuja wakaondoka kabla yako. Mmoja alikaa siku kumi na moja. Mmoja alikuwa amekwisha kuanza kutembea, alikuwa akishika kanga yangu hivi, akinifuata hadi shambani. Kila mtu anapokuita kwa jina lako, hata mwalimu, hata wale wanaocheza mpira na wewe, anawahesabu na wao, ingawa hajui.

Walikuwa na majina, ndiyo. Wote watatu, hata yule wa siku kumi na moja. Leta sikio.